Mwenye Kosa Ni Blasha, Siyo Ngozi: Mastaa Waache Kuwapaka Majivu Mabinti wa Mpanda

HAYA sasa! Msimu wa sherehe umefika Mpanda. Mpunga umeuzwa, wakulima wa tumbaku wameshika chochote, na kumbi zimejaa kuanzia Kashaulili mpaka Makanyagio. Kila Jumamosi ni sendofu, kichenipati au harusi, na kila Jumapili asubuhi simu zinajaa picha.

Humo kwenye picha ndimo balaa linapoonekana. Bibi harusi mweusi, ngozi imetakata kama kahawa iliyokaangwa vizuri, gauni limekaa, nywele zimekaa. Ila mashavuni ana mabaka mawili ya pinki iliyochanganyika na kijivu, utafikiri aliegemea ukuta uliopakwa chokaa jana. Blasha hiyo, ile rangi ya mashavuni. Imempaka majivu siku yake kubwa.

Kwenye magrupu watu wanacheka. Wengine wanamtupia lawama mpambaji. Lakini linaloumiza zaidi ni la bibi harusi mwenyewe, anayekaa kitandani na simu, anavuta picha karibu, kisha anajisemea kwamba ngozi yake ndiyo mbaya, ndiyo maana vipodozi havimkai.

Hapana. Ngozi haina kosa hata moja. Mwenye kosa ni blasha, na nyuma ya blasha kuna watu.

MASTAA WANAJIJUA

Majina hayatatajwa hapa, ila wenyewe wanajijua. Yupo staa wa kike wa Dar, wafuasi kibao, kila wiki yuko laivu na kopo jipya mkononi. Blasha anazonadi ni za aina moja tu: pinki iliyopauka, ile ya pamba tamu za watoto. Kwake inatoka vizuri. Kwanza yeye ni mweupe, na huo weupe wenyewe una historia, picha zake za zamani zipo. Pili, mbele yake kuna taa ya duara, na juu ya taa kuna filta.

Yupo na mwenzake wa kiume, anapamba mabibi harusi wa watu wenye hela na kufundisha upambaji mtandaoni. Wapambaji wengi wa mikoani wamejifunza kwake. Kila uso unaopita mbele yake unatoka rangi moja. Binti mweusi akikaa kwenye kiti chake, kazi ya kwanza ni kumpaka faundesheni ya hatua mbili juu, ndipo ile pinki ipate pa kukaa. Shingo inabaki ya mwenyewe, uso wa mtu mwingine.

Halafu wapo wauzaji wa mtandaoni, hawa ndio hatari. Binti wa Mpanda akiwaandikia kwamba blasha aliyotumiwa haionekani usoni, hawamwambii kwamba amechaguliwa rangi siyo. Wanamshauri aanze na krimu ya kung'arisha kwanza, blasha itatokea yenyewe. Wanamuuzia kopo la pili ili kopo la kwanza lifanye kazi.

Hebu lisome hilo tena taratibu. Mtu kanunua kiatu kinambana, anarudi dukani, muuzaji anamshauri akakate vidole. Na watu wanaita huo ushauri wa urembo!

KWA NINI INATOKA MAJIVU

Hakuna uchawi hapa. Pinki iliyopauka hupatikana kwa kuchukua rangi nyekundu kidogo na kuijazia vitu vyeupe: titani dioksidi, talki, pengine na udongo mweupe laini. Kwenye shavu la mtu mweupe huo weupe unapotea, kinachobaki ni wekundu, anaonekana kama katoka kucheka. Kwenye shavu jeusi mambo yanageuka. Vile vyeupe ndivyo vinavyoonekana kwanza, wekundu unamezwa, na jicho linasoma kijivu.

Ni hesabu ileile ya poda ya mtoto. Mpake mtoto mweusi poda nyingi shavuni, kila mtu ataona unga. Hakuna mama aliyewahi kusema ngozi ya mwanawe ndiyo mbovu. Anachukua kitambaa, anafuta. Iweje basi mtoto huyo akifika miaka ishirini na mbili aambiwe asifute unga, abadilishe ngozi?

Mpanda hii ina Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wasukuma, Wafipa, Waha na wengine wengi waliokuja kutafuta maisha. Wapo weupe, wapo maji ya kunde, wapo weusi tii. Kopo moja la pinki haliwezi kuwatosha wote hao, na anayesema linawatosha hajawahi kuwaangalia.

RANGI IPI KWA NGOZI IPI

Sasa yasemwe yale ambayo mastaa hawayasemi, maana yakisemwa mabinti watanunua kopo moja sahihi badala ya matano ya bure.

Mweupe wa asili hana shida na rangi ya pichi, waridi, au pinki iliyoiva kidogo. Hiyo pinki ya pamba tamu inamfaa, lakini akizidisha atafanana na mtu mwenye homa.

Maji ya kunde anataka kitu chenye joto. Chungwa lililokolea, nyekundu ya papai lililoiva, rangi ya tofali. Pinki yake iwe ile yenye wekundu mwingi.

Mweusi, na hasa mweusi tii, huyo ndiye mwenye uhuru kuliko wote ila ndiye aliyetishwa kuliko wote. Damu ya mzee, zambarau, nyekundu ya zabibu, chungwa kali, hata ile pinki kali inayopiga kelele. Kwenye kopo zinatisha, binti anaogopa kwamba atatoka kama mcheza ngoma. Akipaka, ngozi inazipokea na kuzishusha, kinabaki kivuli kizuri cha wekundu kinachoonekana kinatoka ndani. Kanuni ni rahisi: kadiri ngozi inavyokolea, ndivyo rangi ya kopo inavyotakiwa kukolea.

Kuna ujanja mmoja unazunguka sana kwenye video, kwamba uangalie mishipa ya mkononi kama ni ya bluu au kijani, ndipo ujue blasha yako. Umenakiliwa kwenye video za nje na kubandikwa hapa bila kufikiri. Weusi wengi mishipa yao haionekani vizuri hivyo. Njia nyepesi ni kufunua mdomo wa chini na kuangalia rangi yake ya ndani. Hiyo inakupa mwanzo mzuri, maana ni rangi ambayo uso wako tayari unayo.

Ukifika dukani, toka nje na kopo, kwenye jua. Taa za dukani zinadanganya. Tumia pamba au kidole kisafi, usikubali brashi ya majaribio iliyopita kwenye nyuso za wateja kumi, utaondoka na chunusi za watu. Pitisha mara moja tu. Rangi ikionekana, hiyo ina kitu ndani. Ikibidi usugue mara tano na bado unaona vumbi jeupe, irudishe, mshukuru muuzaji, nenda zako.

PODA, KRIMU AU YA MAJI?

Hapa napo kuna uongo. Mwaka huu wote mastaa wameamua blasha ni ya maji, ya krimu imepitwa, ya poda ni ya mabibi. Wao wanakaa kwenye kiyoyozi. Binti wa Mpanda anatoka saluni, anapanda bodaboda, jua la Oktoba linachoma na vumbi linapanda mpaka kwenye kope.

Ngozi ndiyo inayoamua, siyo msimu wa mtandaoni. Kuijua ngozi ni bure. Nawa uso kwa sabuni laini, kausha, usipake chochote kwa saa moja. Uso wote uking'aa mafuta, wewe ni wa mafuta. Ukivuta na kukakamaa, wewe ni mkavu. Uking'aa paji la uso na pua tu, mashavu yakabaki kawaida, wewe ni mchanganyiko.

Mwenye mafuta anatumia blasha ya poda, inakaa na haimtelezi. Mkavu anatumia ya krimu, maana poda itamkalia kwenye magamba na kumuongezea miaka. Mchanganyiko anaweza yoyote, ila asipeleke krimu karibu na pua. Ya maji ni nzuri kwa anayeijua, inakauka haraka, ukichelewa kuisambaza inabaki alama. Mwenye chunusi aachane na blasha za kumetameta, zile zinamulika kila kipele kama taa ya gari.

Kiangazi cha Katavi, krimu nzito ni mtego wa vumbi. Anayeipenda apake safu nyembamba sana, kisha aigandishe kwa poda kidogo ya rangi hiyohiyo. Na mpangilio una maana: krimu na ya maji zinatangulia, poda inafuata. Ukipaka krimu juu ya poda inajikusanya mabonge, ndiyo yale mabaka ya kwenye picha za Jumapili.

Makopo nayo yana umri. Nyuma kuna kialama cha kikopo kilichofunguliwa na namba kama 12M, maana yake miezi 12 tangu kufunguliwa. Blasha ya krimu yenye harufu ya mafuta yaliyochina haina cha kuokoa, itupwe.

WATETEZI WAO WANASEMAJE

Wapo watakaosema kila mtu na uso wake, staa halazimishi mtu kununua. Ni kweli halazimishi. Ila mtu anayelipwa kumwambia binti kwamba kopo hili ni la kila ngozi, huku akijua siyo, huyo hawezi kujificha nyuma ya hiari ya mnunuzi. Muuza samaki akikuuzia samaki aliyeoza akakuapia wametoka ziwani leo, hata kama ulinunua kwa hiari yako, kakutapeli.

Watasema pia soko ndivyo linavyotaka, blasha za weusi hazina biashara. Huo ni uvivu. Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Somalia, alianzisha kampuni yake ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wenye ngozi za rangi mwaka 1994, maana alichoka kukaa kwenye viti vya wapambaji wasio na rangi yake. Mwaka 2017 Rihanna akaleta Fenty Beauty na faundesheni za rangi 40 kwa mpigo, kampuni kubwa zikaanza kukimbia kuongeza rangi za weusi walizokuwa wakizisahau. Na hapa nyumbani, mwaka 2007 Flaviana Matata alipopanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico, alipanda na kipara chake na ngozi yake nyeusi, akaingia kumi bora ya dunia. Hakuna aliyemwambia ajing'arishe ili blasha imkae.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, na ndiyo ya watu wa Mpanda wenyewe: hizo rangi huku hazifiki. Mji uko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar. Mzigo unachukuliwa Kariakoo, na mfanyabiashara anabeba kile kinachotoka, na kinachotoka ni kile alichoonyesha staa laivu. Duka zima pinki. Blasha ya damu ya mzee ukiiulizia unaangaliwa kama umeulizia theluji.

Sawa. Lakini mbona lipstiki za damu ya mzee zimejaa kila duka? Lipstiki ya kawaida, isiyo ya kukauka, ni blasha ya krimu tayari. Vidoti viwili kila shavu, gonga kwa kidole ukipandisha kuelekea sikioni, usisugue. Poda kidogo juu, safari. Mwenye chunusi nyingi asiitumie, na isiwe lipstiki ya kuazimana. Lakini kwa mkavu au wa kawaida, ni kazi ya dakika moja na elfu chache. Mastaa wanaijua hii siku nyingi. Haina tangazo, ndiyo maana hawaisemi.

HILI LA KRIMU SIYO MZAHA

Picha mbaya ya harusi inaweza kufutwa. Ngozi haifutiki.

Zebaki, haidrokwinoni na steroidi haziruhusiwi kwenye vipodozi vinavyouzwa nchini. Zamani usimamizi huo ulikuwa chini ya TFDA, na tangu 2019 vipodozi vimehamia TBS. Bado makopo hayo yapo, mengine yamekongorolewa kwenye vikopo visivyo na jina, visivyo na tarehe, wala orodha ya kilichomo. Kikopo kisicho na maandishi hakina siri ya urembo, kina siri ya muuzaji.

Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na kuumiza figo na mishipa ya fahamu, na mjamzito anaweza kumfikishia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kugeuka, badala ya kung'arisha inaleta madoa meusi ya bluu mashavuni, palepale blasha inapokaa. Steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, inapata michirizi, inaota vipele na vinyweleo, na ukiacha ghafla uso unawaka. Ongeza hapo jua la Katavi. Weusi ule uliokuwa ukikukinga umeuondoa mwenyewe, kwa hela yako.

Na mwisho wa safari ni ule utani wa kila siku: uso Fanta, miguu Coca-Cola. Vifundo vya vidole vinasema ukweli, uso unasema uongo. Binti aliyeanza kwa kutaka mashavu yenye rangi kidogo anaishia kuogopa jua, kuogopa kamera, kuogopa kukutana na mwanafunzi mwenzake wa zamani stendi.

Yote haya kwa sababu ya kopo la pinki. Ndiyo maana hili siyo la kuchekea tu kwenye magrupu.

WAFANYE NINI

Staa anayelipwa kutangaza blasha aipake mchana, nje, bila filta, na amuite na mtu mweusi tii aipake pia mbele ya kamera. Ikimtokea majivu, aseme imetoka majivu. Akishindwa hilo, aiite kwa jina lake halisi: blasha ya watu weupe.

Mpambaji wa Mpanda anayetoza hela ya watu aache kujificha nyuma ya mwalimu wake wa mtandaoni. Kwenye boksi lake damu ya mzee, rangi ya tofali na zambarau ziwepo kabla ya pinki. Na amwite bibi harusi wiki moja kabla, ampake, ampige picha mbili, moja ya jua na moja ya mwanga wa kamera usiku. Kijivu huwa kinajificha mbele ya kioo, kinatokea kwenye picha. Shemeji wa watu asifanywe uwanja wa majaribio saa nne asubuhi siku ya harusi.

Wenye maduka nao, kabla ya kusema rangi fulani haitoki, wailete kwanza. Huwezi kusema wateja hawali ndizi wakati hujawahi kuweka ndizi mezani.

Na mabinti wenyewe waache kuomba msamaha kwa ngozi zao. Blasha kazi yake ni kuonyesha uhai uliopo usoni, ule unaoonekana mtu akitoka kucheza muziki au akiitwa jina na anayempenda. Weusi nao wanaona haya, wanacheka, damu inapanda mashavuni. Rangi hiyo ipo. Anayetafuta blasha atafute inayofanana nayo, na anayemuuzia blasha isiyofanana nayo asithubutu kumwambia arudi na ngozi nyingine.

Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine, na bibi harusi mwingine atakaa kwenye kiti. Kabla brashi haijagusa shavu, amuulize mpambaji swali moja tu: hiyo rangi imetengenezwa kwa ajili ya nani?

Wadau wa Mpanda, Mlele, Karema na kwingineko, mnalionaje hili? Ni nani wa kubadilika, blasha au ngozi? Na kama kuna duka hapo mjini lenye blasha ya damu ya mzee, litajwe hapo chini, wengine wanufaike.